Maji ya Bokali Yamechafuka Tena

Jumatatu, 19 Machi 1956

Maji yamechafuka tena. Jana niliyabadilisha yote, mpaka tone la mwisho, nikasugua bokali, chupa yake pana ya kioo, kwa mchanga. Leo asubuhi meupe kama maji ya kuoshea mchele. Samaki amelala chini, mapezi yamekunjwa, ncha zinachanika kama kitambaa kisichopindwa. Nimechoka naye.

Baba yangu, Papa tunavyomwita, alimwangalia, kisha akageukia ukuta. Uji hakugusa.

Hilo ndilo linaloniuma. Tangu kiharusi kimpige, mkono wa kuume umekufa na ulimi umefungwa. Hakutaka kutazama kitu wala mtu. Kisha Mgiriki wa duka la vitambaa akarudi kwao, akaniachia samaki huyu wa Siam, mwekundu, mapezi marefu kuliko mwili. Nilimweka mezani kando ya kitanda. Siku ile ile Papa alikaa kitako mwenyewe. Nikamwonyesha samaki kioo cha kunyolea. Akatunisha mashavu, akafungua mapezi yote, anataka kupigana na kivuli chake. Papa akacheka kwa nusu ya mdomo. Sasa samaki akila, Papa anakula. Samaki akilala, Papa analala. Akifa huyu samaki, sijui.

Alhamisi, 22 Machi

Mgiriki aliniachia masharti: maji ya mvua, jani kavu la mkungu, viluwiluwi vya mbu vichache, na asiwekewe mwenzake maana watauana. Yote nafanya. Mvua ipo, haijakatika tangu Jumanne. Jani lipo. Maji yananuka vile vile.

Mwamini, mke wangu, anasema samaki ni wa kukaanga. Eti anatania. Sikucheka.

Jumamosi, 24 Machi

Nimegombana na Mwamini. Nilimwambia anachota maji ya bokali kwa ndoo ya sabuni. Akaleta ndoo, akanisukumia puani.

"Nusa! Sabuni iko wapi?"

Haikuwepo. Nikasema labda ilikuwepo jana. Tangu hapo hajaniambia neno. Magauni ya Pasaka yananisubiri kwenye cherehani, na mimi, fundi mzima, nanusa ndoo.

Jumatano, 28 Machi

Ajenti wa usafi amepita kukagua nyumba. Kofia, fimbo, macho ya mwewe, na Kifaransa cha kuchomekea. Moja kwa moja mpaka kwenye kopo langu la viluwiluwi nyuma ya choo.

"Donc unafuga mbu?"

"Ni chakula ya samaki, chef."

"Alors samaki njo itatuponesha malaria?"

Majirani wakacheka mpaka wakashika mbavu. Alimwaga kopo lote. Kisha akaingia chumbani kwa Papa, akataka kumwaga na bokali. Papa akatoa sauti. Si neno. Sauti tu, nzito, ya mlango usiotaka kufunguka. Ajenti akaacha, akaenda zake. Nimeshona jioni yote kwa hasira, sindano ikanichoma kidole.

Jumapili, 1 Aprili

Nimegundua! Chini ya jani, kipande cha mkate wa mafuta, kimevimba, kimeota ukungu. Mtu anamlisha samaki wangu.

Na ni nani kama si wageni? Kila alasiri wanajaa chumbani kumtazama mgonjwa. Sahani ya mikate inakaa pale mezani, karibu na bokali. Nyumba hii hakuna anayetoka bila kutia kitu mdomoni, ndivyo Papa alivyoiweka tangu mimi sijazaliwa. Na watu hawa wana haya ya kula mbele ya kiumbe kinachowakodolea macho. Nawajua. Ni watu wangu. Hasa Tonton Shabani, rafiki wa Papa ambaye kwangu ni kama mjomba, anayeleta mikate hiyo mwenyewe na kugawia mpaka kuku.

Nimefunika bokali kwa kitambaa chepesi cha pazia.

Ijumaa, 6 Aprili

Nimemkataza Tonton Shabani mbele ya watu. Asimguse samaki.

"Miye? Sijamupa hata chembe!"

Nikamjibu kwamba mtu mzima hasemi uongo akitoka sala ya Ijumaa. Lo, ulimi huu. Alichukua kofia yake, akatoka bila kuaga. Papa alinitazama. Sitaki kueleza alivyonitazama.

Maji leo: yananuka.

Jumanne, 10 Aprili

Tonton hajarudi. Wageni wengine wanachungulia mlangoni, wanasalimu, wanapita. Sawa, nikasema, angalau maji yatatulia.

Wapi! Makombo tena, chini ya kitambaa. Mwamini anaapa si yeye. Mimi naapa si mimi. Basi ni jini, na jini huyo anapenda mikate ya mafuta.

Ijumaa, 13 Aprili

Tumeanza kufunga. Mgonjwa ana ruhusa, hata mtoto anajua. Papa hataki kujua. Mchana nampelekea uji, anabana meno. Leo nikamlazimisha, ukamwagikia shingoni. Nikampigia kelele, mimi, baba yangu mzazi. Nina aibu mpaka sasa. Magharibi amekula vijiko viwili vitatu kwa mkono wa Mwamini, akasukuma bakuli.

Jumatano, 18 Aprili

Ajabu. Maji safi. Naona mpaka mishipa ya jani. Samaki ametengeneza kiota cha mapovu juu ya maji, anakizunguka kama mwenye nyumba. Viluwiluwi anavidaka kabla havijazama.

Papa amekaa kitako anamtazama. Lakini amekonda, kanzu inampwaya. Samaki anapona, Papa anakwisha. Nimchague nani? Nimemkimbilia mwalimu wa msikiti, akaja mwenyewe, akakaa kitandani, akamwambia Mungu hataki afe njaa. Papa akakubali kwa kichwa. Kesho mchana atakula.

Alhamisi, 19 Aprili

Nimeona.

Adhuhuri nilimwekea Papa sahani ya mikate na kikombe cha maziwa, nikatoka kwenda kununua uzi. Nikasahau futi yangu ya kupimia. Nikarudi kwa mlango wa nyuma. Papa alikuwa ameinua kitambaa cha bokali, kwa mkono wa kushoto. Akamega mkate, akautia majini taratibu, akainamisha kichwa, vile vile alivyokuwa akiwainamia wageni alipowasogezea sahani. Ndipo akala yeye. Akamega tena.

Wageni wakiingia, Papa huficha mkono wa kushoto chini ya shuka. Nilidhani ni baridi. Baridi gani, katika joto hili? Kumpa mtu chakula kwa mkono huo ni kumtukana. Yeye ndiye aliyenifundisha, tena kwa kofi. Mwenye nyumba ambaye hawezi kumpa mgeni hata kipande cha mkate. Samaki peke yake hajali ni mkono gani.

Nilirudi nyuma kimya kimya. Nikalia juu ya cherehani. Mteja akauliza, nikasema vumbi.

Jumapili, 22 Aprili

Nimemwomba Mwamini msamaha. Amekubali, ila nitachota maji mimi mpaka Idi. Kwa Tonton Shabani nilikwenda na kanzu mpya niliyomshonea. Aliiacha juu ya mkeka bila kuigusa, akanisema mpaka adhana ya magharibi. Kisha akaipima mabega.

Papa sikumwambia nilichokiona. Nilikaa kando yake nikamwambia:

"Papa, huyu ni mugeni yako. Lakini tumbo yake iko kidogo, sawa na jicho yake. Akipitisha, anakufa. Weye njo utakuwa unamupa."

Nikaweka mbele yake kikopo cha viluwiluwi na kijiko cha chai. Kikopo kina kifuniko cha kitambaa, ajenti aje tu. Papa akautazama ule mkono chini ya shuka. Mimi nikajifanya natafuta uzi. Nilipogeuka, mkono ulikuwa nje na samaki alikuwa anatafuna.

Jumamosi, 12 Mei

Idi. Nguo zote zimetoka, vidole vinaniuma, namshukuru Mungu.

Baada ya sala chumba kilijaa. Tonton Shabani alikuja na kanzu yake mpya na sahani yake ile ile. Akamega kipande, akasogea kwenye bokali, ananitazama mimi, mchokozi mkubwa yule. Nilibana midomo kwa shida.

Papa akatoa mkono wa kushoto chini ya shuka, mbele ya watu wote, akaufunika mdomo wa bokali.

"Ameshiba," akasema.

Neno limepinda, limetokea upande mmoja wa mdomo, lakini kila mtu amelisikia. Tonton alikaa chini na kipande chake mkononi. Kisha Papa, kwa mkono ule ule, akachukua mkate kwenye sahani, akamnyooshea.

Tonton Shabani akapokea kwa mikono miwili, akala.

Jioni nimetoa nusu ya maji, nimetia ya mvua. Jani halijaoza, nimeliacha.