Mama, Sikufa na Sikufufuka

Kangundo, Machakos

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta barazani, goti limepoa kidogo, na mbuzi wa jirani wameacha kuingia shambani kwako. Mimi ni mzima. Naandika kwa mkono kwa sababu Kaka Safari ameniambia hutaki tena kushika simu, kwamba simu ndiyo iliyokuletea kifo changu. Sikulaumu. Basi huu hapa mwandiko wangu, unaujua.

Nikueleze yalivyokuwa, maana umeelezwa na watu ambao hawakuwepo.

Mdogo wake mteja mmoja wa saluni ninakosukia, kijana anayeitwa Mutua, hutengeneza filamu. Alinikuta saluni nikimwiga mwanamke fulani anavyojipiga picha, watu wakicheka hadi kushika mbavu, akanipa kazi ya kuigiza. Ni filamu ya kuchekesha. Mimi ni muuza nyanya anayetamani umaarufu mpaka anajifanya amekufa, ili watu wamlilie mtandaoni. Wanamiminika matangani kweli, lakini kila mmoja anajipiga picha mwenyewe kando ya jeneza. Marehemu anagonga kutoka ndani na hakuna anayesikia.

Siku tuliyopiga sehemu ya jeneza alikuwepo Kyalo, mtu wa hapa mjini mwenye wafuasi wengi mtandaoni kwa vituko vyake. Aliomba kutazama tu. Kumbe alinirekodi nikiwa nimelala mle ndani, akaisambaza video hiyo na maneno kwamba msusi wetu mpendwa ametuacha ghafla. Hiyo ndiyo iliyofika huko nyumbani Kaloleni. Hiyo ndiyo iliyokuangusha uani mbele ya wageni.

Safari aliponipigia na kusikia sauti yangu, alianza kulia. Sijawahi kumsikia kaka akilia. Nilikata simu nikamchukua Mutua, tukaenda moja kwa moja kwa Kyalo. Akafurahi kuniona!

"Dada, kaa tu ndani hii wiki," akasema. "Watu wanalia vibaya sana. Ukitokea saa hii, kila kitu inaisha."

Nikamgeukia Mutua. Akaangalia viatu vyake.

"Filamu yetu hakuna mtu anaijua, Riziki," akasema polepole. "Labda siku mbili tu..."

"Mama yangu yuko chini analia, na wewe unatafuta watazamaji?"

Nikawaacha hapo hapo.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Nilimkuta Kyalo mbele ya saluni yuko laivu, ameshika maua, anafuta macho makavu. Watu wamejaa barabarani. Mama Ndinda, mwenye saluni, alikuwa amewaambia niko hai mpaka sauti ikamkauka, na sasa alisimama mlangoni na ufagio. Nikapita katikati ya umati, nikasimama kando ya Kyalo, mbele ya simu yake.

Mwanamke mmoja akapiga yowe kwa Kikamba, "Ngai wakwa!" yaani Mungu wangu, maparachichi yake yakatawanyika chini. Lakini Kyalo, Mama, hakushtuka hata kidogo. Akainua mkono juu. "Amefufuka! Jameni, sambazeni! Amefufuka!"

Nikamnyang'anya simu.

"Sikufa na sikufufuka," nikasema. "Huyu aliiba picha ya mchezo akamliza mama yangu. Anayetaka kusukwa aingie. Wengine nendeni nyumbani."

Unadhani walifurahi? Mzee mmoja alininyooshea kidole: "Sisi tumelia bure!" Wakanizomea kana kwamba nimewanyima maiti yao. Wengine walitaka kupiga picha na mimi. Mama Ndinda akawatimua kwa ufagio, na mimi nikaingia ndani, nikashika kichwa cha mteja wa kwanza.

Jioni Mutua alikuja kuniomba msamaha. Akasema nikitaka, ataikata sehemu ya jeneza. Nikamwambia asithubutu. Watu kutomsikia anayegonga ndilo jambo filamu inalolisema, na sasa nilikuwa nimeliona kwa macho yangu.

Tuliionyesha Jumapili iliyopita katika ukumbi wa kanisa. Watu walicheka sana, kisha kwenye ile sehemu ya kugonga wakanyamaza, mmoja mmoja. Kyalo alikuwa kiti cha mbele. Alicheka kuliko wote, halafu akanifuata kuniuliza ule ujinga wa kujipiga picha na maiti tuliutoa wapi.

Sasa, Mama. Kaka Safari anasema niache uigizaji, nirudi nyumbani nikatakaswe kwa sababu nililala jenezani. Msomee maneno haya: sirudi kwa hilo. Machozi yako yananiuma, na nitayabeba. Aibu si yangu, sitaibeba. Mutua ananiandalia filamu nyingine na nimeshakubali. Nitakuja Desemba kwa sababu nimekukumbuka, nitashuka basi pale madukani kijijini mchana kweupe, na anayetaka kuniuliza kitu aniulize mimi mwenyewe.

Nisalimie shangazi Kadzo, ambaye naambiwa alikataa kukaa matanga mpaka auone mwili wangu. Msalimie babu na watoto wote. Na wifi yangu, mke wa Safari, msalimie pia. Nimesikia Jumapili ya msiba wangu alivaa gauni langu la kijani kanisani. Mwambie alivue, alifue, alikunje. Mwenyewe yupo, na analitaka.

Mwanao,
Riziki