Saa ya Kubandika Mtori

Jumatatu, 18 Novemba
Uvivu gani huu, Glory! Nimemfokea mjukuu wangu hivyo hivyo dukani, mbele ya wateja wa sufuria. Kaleta karatasi ya hesabu ina mapengo. Mwalimu kaandika kwa wino mwekundu: mzembe. Kwenye ukoo wangu! Na mtihani wa kufunga darasa la sita ni wiki ijayo.

Jumanne, 19 Novemba
Nimevaa miwani, nikaisoma mwenyewe. Sehemu kapata. Asilimia kapata. Mapengo yote ni ya safari. Basi limeondoka Dar saa kumi na mbili asubuhi, mwendo kilomita themanini kwa saa, Moshi ni kilomita mia tano sitini, litafika saa ngapi. Nikamwambia andika. Kashika kalamu mpaka chai ikapoa. Nimemfokea tena. Hakulia. Afadhali angelia.

Alhamisi, 21 Novemba
Leo kasema. Alikuwa anasugua masizi, hakuniangalia. "Bibi, nikiandika litafika, halafu lisifike?"
Ndipo nikakumbuka.
Pasaka. Mama yake, Aneth wangu, alikuwa anarudi kutoka Moshi. Glory kapiga hesabu: mama atafika saa nane. Nikamsifu kwa majirani wote hapa Gerezani. Tukabandika mtori wa ndizi kwa saa yake. Ukaiva. Ukapoa. Basi lilipinduka njiani.
Kumbe miezi yote hii mtoto anadhani alikosea yeye.

Ijumaa, 22 Novemba
Nimeenda shuleni. Mwalimu kijana, shikamoo anayo. Nimemweleza, kafuta lile neno. Nikamuuliza pia, basi gani hilo halisimami Korogwe? Dereva hali? Kacheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 27 Novemba
Mtihani. Swali la basi lilikuwepo. Kaliacha. Sikumfokea. Nimemnunulia chipsi, hakumaliza. Namtaka Aneth. Basi.

Alhamisi, 19 Disemba
Kesho saa kumi na mbili alfajiri tunaenda Moshi, kusafisha kaburi la Aneth kabla ya Krismasi. Mwanangu Elibariki kapiga simu kutoka huko, anauliza tutafika saa ngapi. Nikampa Glory simu. Nikadhani atairudisha. Kisha, taratibu: "Saa nane, Mjomba. Masaa saba barabarani, na saa moja ya kula Korogwe."
Nilitoka uani, nikajifuta kwa khanga. Nikarudi, nikaichukua simu.
Elibariki, umesikia alivyosema mtoto. Saa sita ubandike mtori. Tukichelewa usiutoe jikoni. Upashe tena, utungoje.