Ngoma Iliyochelewesha Matuta

Bweni la Wanafunzi, Ughaibuni
11 Februari 1978

Kwa baba yangu mpendwa, Mzee Ambrosi,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo baba, na shikamoo nyingi kwa mama. Natumaini barua hii inawakuta salama, mkila mahindi mabichi na kuwafukuza ngedere. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu, inamfuata mtu mpaka ndani ya soksi. Nilifurahi uliponiandikia kwamba mama hajambo.

Dada Josepha ameniambia kijijini wanauliza masomo gani haya yasiyokwisha, na kwamba wewe umechoka kuwajibu. Basi nikueleze, nawe uwaeleze. Digrii hii ya pili ya uhandisi wa viwanda ni elimu ya kupanga kazi, ili watu, mashine na muda visigombane. Kwanza sharti ufaulu masomo yote ya darasani, tena si kufaulu kwa kuchechemea. Hayo nimeyamaliza. Kisha kuna mtihani mmoja mkubwa unaochanganya yote, nao nikaupita, ingawa nilitoka jasho huku nje theluji inaanguka. La mwisho ni tasnifu: uchague kazi moja ya kweli, uipime, useme iboreshwe vipi, halafu ukae mbele ya walimu watatu wakuchambue. Hilo ndilo lililobaki.

Wenzangu walichagua viwanda vya magari. Mimi, kwa ubishi wangu unaoujua, nilichagua matuta ya kijiji chetu. Ndiyo maana nilikuja likizo wakati wa mvua, nikasimama kando ya shamba la ujamaa na saa mkononi, vijana wakinicheka kwamba nimepelekwa Ulaya kujifunza kutazama wenzangu wakilima. Siku nyingine walilima kwa ngoma yako, siku nyingine bila ngoma kama nilivyoomba, nawe hukuniuliza sababu. Ulikaa tu juu ya kichuguu umeikumbatia ngoma yako.

Chumbani kwangu huku kuna bomba la maji ya moto linalogonga ukutani. Nikiwa nusu nimelala, nusu macho, bomba lile linageuka ngoma. Theluji inakuwa vumbi jeupe la njia ya zamani, ile iliyotoka Tabora ikapita kwetu Urambo kwenda Ujiji, nami namwona babu akipita mbele ya wapagazi. Uliwahi kunisimulia kwamba alikuwa kirangozi, mwongoza msafara, hakubeba mzigo mzito, na wapo waliomwonea wivu kwa hilo. Ndotoni nami nimo msafarani, miguu yangu haigusi chini, na safari haina haraka ya kufika. Sijui kama huwa naota au nakumbuka. Ninachojua ni kwamba nachelewa darasani.

Sasa baba, kuanzia hapa soma peke yako, tena si kwa sauti. Vipimo vyangu vilisema jambo nisilolitaka. Siku zisizo na ngoma, matuta yaliisha mapema zaidi. Nilirudia hesabu nikiomba niwe nimekosea, wala sikukosea. Nami nilikuwa nimejigamba kwa kila mtu kwamba ngoma ndiyo injini yetu. Mwalimu wangu mkuu, mzee mpole, aliniambia nisione haya, nimalize kwa pendekezo moja tu: ngoma iondolewe, mpigaji ashike jembe. Nakala ingekwenda kwa wakubwa wa serikali walionisomesha, na kutoka huko ingeshuka kijijini kuwa maelekezo. Nikaliandika, baba, moyo ukiniuma.

Jumanne nikakaa mbele ya walimu watatu. Walinisifu. Kisha mama mmoja aliyekaa katikati akauliza kwa nini ngoma icheleweshe watu, wakati kwingine huwaharakisha. Nikamwambia hilo sikulipima. Akanitaka basi niwaonyeshe inavyopigwa. Nikaanza kugonga meza kwa vidole, nikafumba macho ili niisikie vizuri, na hapo ukumbi wote ukaniondoka. Nikawa shambani. Nilikuona unaikoleza, vijana wanainama na kuinuka pamoja, halafu mkono wako unalegea, ngoma inapoa, na shamba zima linapunguza mwendo. Kila ilipopoa, macho yako hayakuwa kwa vijana. Yalikuwa kwenye tuta la mwisho, upande wa mbuga, kwa mama, aliyesimama ameegemea mpini anatafuta pumzi.

Nikaacha kugonga. Wewe unaijua desturi yetu kuliko mimi: anayeachwa na ngoma hutungiwa wimbo wa kumcheka, na akizidi kuachwa hutolewa kwenye kikundi cha kulima. Mama hangekubali kuitwa mgonjwa, wala kula jasho la wengine. Lakini nani ataachwa, ikiwa ngoma yenyewe inamngoja? Nikakumbuka pia kwamba zile siku za bila ngoma mama hakuja shambani. Mliniambia amekwenda kufagia kanisa, nami nikaamini kama mtoto.

Walimu wakawa wananingoja. Jibu nilikuwa nalo, na lingenipa digrii siku ileile. Lakini sharti liandikwe, na likiandikwa litafika kwenye mkutano wa kijiji, mama ajadiliwe mbele za watu. Nikasema sijui, nikaomba niiondoe tasnifu yangu. Mwalimu wangu alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Wamenieleza kwa upole kwamba bila tasnifu hakuna digrii, na kwamba naweza kuanza upya na kiwanda cha hapa, mwaka mwingine. Nimewaambia nakwenda nyumbani kwanza.

Ndiyo hivyo, baba. Narudi mikono mitupu. Najua uliwaahidi watu mhandisi, na inaniuma, sitakuficha. Nimelia kama mtu aliyefiwa. Kama nimekosea kuhusu mama, nicheke nikifika. Kama sijakosea, usiniandikie tena kwamba hajambo. Tumpeleke hospitali, wewe na mimi, hata akinuna njia nzima.

Nisalimie dada Josepha, Mzee Marko na wana kikundi wote. Mama mwambie namsalimu sana, basi, usiongeze neno. Vijana waliniambia pembeni kwamba mkono wako umezeeka, kwamba ngoma siku hizi inakushinda, nawe umewaacha waseme. Mvua zijazo tuta la mwisho nitalilima mimi. Wewe piga ngoma kwa kasi yako halisi, wakusikie.

Mungu awalinde mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao,
Modest