Vitenge vya Ayoka Katika Stoo ya Karatasi

Sabon Gari, Kano
9 Januari 1996

Mpendwa shemeji Morounkeji,

Salamu nyingi sana. Hujambo? Goti lako je, na mumeo anapumua vizuri? Mimi mzima kama chuma. Naandika kwa mkono wangu, sikumtafuta mtu, kwa hiyo usizicheke herufi.

Upepo mkavu wa harmatani mwaka huu ni mkali, midomo inapasuka. Nyumba kimya. Binti yetu Risi hajaandika tangu arobaini ya mama yake, Ayoka wetu. Napika uji wa mtu mmoja na bado unabaki.

Shemeji, maboksi yangu yanapasuka kwenye mikunjo. Mimi Lasisi! Miaka thelathini na minne nakunja karatasi ngumu, hakuna Kano nzima aliyeona ufa kwenye boksi langu. Hajiya Talatu, mteja pekee aliyebaki, alishika moja la kutilia ubani anaouza akaniuliza, "Baba, hili ni boksi au kisigino changu?" Watu wakacheka. Nikimpa mengine ya hivyo anahamia kwa vijana wenye mashine mpya. Akienda yeye, nafunga mlango.

Nilimlaumu muuza karatasi. Nikageuza karatasi ikunjwe kufuata nyuzi zake, ingawa mimi sijawahi kukosea nyuzi. Nikanoa chuma cha kukandamizia mkunjo, ndiyo kwanza kikaikata karatasi.

Juzi naingia stoo, naona kamba ya kuanikia ya dada yako bado imefungwa juu ya karatasi. Kila harmatani alianika mle vitenge vilivyolowa, nami namfokea, "Mwanamke, jua lote lile hulioni?" Yeye, "Nje kuna vumbi, Baba Risi." Basi, haongezi neno. Kumbe alikuwa anazinywesha karatasi zisikauke, na mimi huko nje najisifia mkono.

Nimeanika vyake. Nimezidisha maji, karatasi zimejikunja kama masikio ya mbuzi. Wewe uliishi nasi harmatani mbili. Alianika vingapi? Alivikamua sana au kidogo? Alivitoa lini? Hajiya anataka maboksi Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu.

Nisalimie mumeo Sikiru, na mapacha wenu, na mama mkwe wangu mwambie bado namwogopa. Mungu awape usingizi mwema wote.

Kama kuandika ni taabu, njoo useme kwa mdomo. Sisemi nahitaji mtu, ni karatasi tu. Basi la kutoka kwenu hufika hapa Jumatano asubuhi, na Jumatano mimi sina kazi.

Ni mimi shemejiyo akupendaye,
Lasisi Akanbi