Santuri Iliyobaki Ndani ya Nailoni

Namba 31, Mtaa wa Ellerby,
Chapeltown, Leeds.
9 Machi 2023

Mpendwa mdogo wangu Orvy,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Habari za Fremantle, na sukari yako inaendeleaje? Mkeo Noreen aliniambia daktari amekukataza vitu vitamu, nami nikacheka, kwa sababu najua unaficha mkate wa nazi kwenye gari. Sisi huku ni wazima kwa neema ya Mungu, ila magoti yangu yamegoma kupanda ngazi na baridi ya mwaka huu haina adabu.

Nimeamua kuandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu kila nikimtaja kaka yako Clevon unaniuliza kama mvua imenyesha. Barua huwezi kuikatisha. Kaa chini uisome mpaka mwisho, kisha ukitaka kununa, nuna.

Maua yenu yalifika asubuhi ya maziko yake. Niliyaweka juu ya jeneza, na sikumwambia mtu kwamba kadi ilikuwa na mwandiko wa Noreen. Ulikuwa ndugu yake pekee wa kiume, Orvy, na nafasi yako kwenye benchi la mbele niliiwekea koti langu ili mtu mwingine asikae.

Kanisa lilijaa hadi nje. Watu wazima wenye mvi walisimama mvuani, na pamoja nao vijana waliotoka Berlin na Osaka, ambao hawakuwa wamezaliwa wakati albamu yake inatoka, nao wakilia kama waliofiwa na baba. Shangazi Eulalie akaninong'oneza, "Hawa nao ni wa upande gani wa ukoo?" Nikamwambia ni wa upande wa muziki. Akasema, "Basi uwape mchuzi wa mbuzi, mbona wamekonda hivi."

Gazeti liliandika kwamba Clevon Liburd, akiwa peke yake katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mama yake, alitengeneza albamu moja tu katika maisha yake, na albamu hiyo ikageuza muziki wa dansi wa Uingereza. Nilipofika kwenye "peke yake" nililikunja nikalitandika chini ya sufuria ya moto.

Mimi nilikuwepo. Wewe ndiye uliyesikia mashine ya Mama ya kufulia ikichechemea kwa uzito wa koti la Baba. Ulikuwa na miaka ishirini. Ukaita, "Clev, njoo usikie, hii ina mguu mmoja mfupi," ukalala sakafuni na kinasa sauti kutwa nzima, Mama akigomba, "Mnanirekodia nguo zangu za ndani mzipeleke wapi?" Mdundo ule unaochechemea ndio watu wanaouiga mpaka leo. Clevon alikuwa na mikono na subira, lakini sikio lilikuwa lako.

Kilichofuata nakijua pia. Mligombana juu ya wimbo wa mwisho, ukamwambia anagonga makopo, ukaondoka siku nne bila kuaga. Naye kwa hasira akawapigia simu wachapaji wa jalada akawaambia walifute jina lako. Hasira hasara. Santuri zilipoletwa nyumbani, uligeuza moja ukasoma nyuma yake, hata nailoni hukuichana, ukaitia kwenye begi lako ukatoka, na hukurudi tena. Baada ya miezi miwili ulikuwa Australia. Uliniambia mwenyewe kwamba iko juu ya kabati lako hadi leo, haijafunguliwa, na haitafunguliwa.

Clevon hakutengeneza nyingine. Kampuni ilifungwa mwaka uliofuata, albamu haikuchapwa tena, na yeye akabaki kukarabati redio za watu. Alinikataza kulitaja jina lako mezani. Nami nilikosea, nilidhani ni chuki.

Unaikumbuka simu ya korido, ile ya kijani karibu na makoti? Bado ipo. Mama alipofariki nilitaka ikatwe, kwa sababu kila mtu ana ya mkononi. Nikamtania, "Clevon, wanaoipiga hii ni wauza madirisha tu." Akajibu, "Iache, Ionie. Haikuombi chakula." Hata mwaka jana, pumzi ikiwa imemwishia na bomba la oksijeni puani, ikilia alikuwa anashuka ngazi kwa makalio kama mtoto ili aipokee. Nilimwita mzee mkaidi. Namwomba Mungu anisamehe kwa neno hilo.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Tulipotoka makaburini watu walikuja nyumbani kula, na mchana ule alikuwepo Mzee Pocock, fundi wa London aliyeichonga santuri mama mwaka 1995, ile iliyotolewa nakala zote. Amezeeka, anavaa vifaa masikio yote mawili. Alinifuata jikoni na sahani yake mkononi.

"Samahani, Mama. Yule mdogo wake wa Australia, aliwahi kupiga?"

"Kupiga nini?"

"Simu."

Nikamwambia sielewi. Akaniomba santuri ya Clevon. Akajifuta mikono, akaitoa kwenye jalada na kuiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Akanionyesha ule ukingo laini karibu na karatasi ya katikati, pale sindano inapofika wimbo ukiisha. Kulikuwa na maandishi yaliyokwaruzwa kwa mkono, madogo kama miguu ya sisimizi.

Alinieleza kwamba siku ya kuchonga, wewe ukiwa bado hujarudi, Clevon alimfikia akiwa amekonda, hajalala. Majalada yalikuwa yameshachapwa, na kampuni ilikataa kuyachapa upya. Akamwomba akwaruze maneno pale pembeni, ili yatokee kwenye kila nakala. "Nilimwambia hakuna mtu anayesoma huko," Mzee Pocock akasema. "Akanijibu, 'Mdogo wangu husoma.'"

Orvy, nilikaa chini kwenye kile kiti kibovu cha jikoni. Nani asiyejua ulivyokuwa pale kwenye duka la santuri la Hewlett kila Jumamosi? Hakuna santuri uliyoiweka kwenye mashine kabla hujaiinamisha usome kilichoandikwa ukingoni. Wateja walikuwa wanakuita bwana mkaguzi. Clevon alikuwa na hakika kwamba utaisoma siku hiyo hiyo. Hakufikiria kwamba hutaichana nailoni. Kwa miaka ishirini na minane aliamini kwamba umesoma ukaamua kunyamaza.

Ndani ya jalada santuri ni mbili, kwa hiyo pande ni nne. Wa kwanza unasema, "Orvy, mdundo ni wako." Wa pili, "Jina nililifuta mimi." Wa tatu, "Nilikosea, nisamehe." Wa nne una maneno mawili tu, "Piga simu."

Sikuandikii ili nikuhukumu. Mimi nimeipangusa vumbi santuri ile miaka yote hiyo na sikuwahi kuiinamisha. Majuto ni mjukuu, na wangu nimeshampakata. Kuna watu wanataka kuichapa upya mwaka huu, nimewaambia bila jina lako mbele hawapati saini yangu. Lakini najua si hilo ulilokuwa unalitaka.

Nisalimie Noreen, na binti yenu Tamsin na watoto wake, mwambie ile picha ya mdogo imewekwa juu ya televisheni. Shangazi Eulalie anakusalimu, anasema ana miaka tisini na moja na hana muda wa kukungoja sana. Hewlett naye anakusalimu. Mungu akulinde, akulainishie moyo, na akupe usingizi baada ya kusoma haya.

Ishushe kabatini, mdogo wangu, uichane. Kisha upige namba ya nyumbani, ile ile tuliyokaririshwa na Mama. Kwangu unapiga kwenye simu ya mkononi, lakini ya korido hujaipiga tangu ulipoondoka. Sijaikata. Anayengoja nimebaki mimi tu, na ikilia nitashuka kama alivyokuwa anashuka yeye.

Wako akupendaye siku zote,
Dada yako,
Ionie