Hodi ya Tatu

Ifakara,
masika yakielekea ukingoni.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Amani ya Mwenyezi Mungu iwe juu yako, na juu ya wote waliokaa hapo ukumbini wakati dada Zuhura anakusomea. Goti linasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa kondakta wa basi la Kondoa ilifika, au kondakta naye ana goti? Na ufuta, mmeshavuna au bado umesimama shambani? Mimi, alhamdulillahi, mzima. Mbu wa huku wananijua kwa jina, lakini malaria imenisamehe mwaka huu. Chakula ni wali asubuhi, wali jioni. Zamani tulikuwa tunauona wali sikukuu tu, na sasa mimi ndiye ninayeota ugali wa uwele na mlenda. Binadamu hatuna shukrani.

Zuhura, dada yangu, kabla hujaendelea nakuomba kitu. Hapa mbele kuna neno umeme. Usiliruke. Mama akisema, "Basi, kunja hiyo karatasi," mpe maji anywe, halafu endelea.

Mama, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu nikifika tu kwenye neno hilo unalia, na mimi ulimi unakuwa mzito. Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza ulinikatia. Mara ya pili ukasema, "Umeme umeshanilia mtoto mmoja, unataka uupelekee wa pili?" Sikukasirika, mama yangu. Mimi ndiye niliyeshuka kaburini kumpokea mdogo wangu Idi. Uzito wake bado uko mikononi mwangu. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa siyaandiki kwa kusahau.

Unajua nilivyofika huku. Nilikuja kukata miwa kule Kidatu, mgongo ukagoma, nikashuka Ifakara kutafuta kibarua gereji. Mwenye gereji ni mwanamke, Fundi Skola, Mpogoro, tena rika langu. Siku ya kwanza nilimkuta amesimama mlangoni ameshika sufuria, nikamwambia, "Shemeji, namuulizia fundi." Akanijibu, "Fundi anakula, msubiri." Akala mpaka akamaliza, akanawa, akavaa ovaroli. Nilitamani ardhi inimeze. Yeye ni Mkatoliki hasa, rozari yake inaning'inia kwenye msumari juu ya meza ya vifaa. Lakini adhana ikilia huniita yeye: "Ramadhani, maji yako ya udhu yako kwenye ndoo ya bluu." Alisomea magari haya ya umeme huko mjini kwa muda mrefu, na elimu yake haimkai begani. Inamkaa mikononi.

Sasa nikupe habari ya gari la Mzee Twaha. Huyu ni mfanyabiashara, asili yake Kilwa, ana duka na mashine ya kukoboa mpunga. Alinunua gari la umeme, analichaji kwa sola za kwenye mashine yake, mji mzima ukamcheka, kisha mji mzima ukaanza kumwomba lifti. Mvua hizi akalipitisha kwenye maji ya barabara iendayo kijiji cha Mbingu. Kesho yake gari likashikwa na kwikwi. Ukilikanyaga linaruka, linasita, linaruka tena, magunia nyuma yanapigana vichwa. Mwisho likazima kabisa, likaletwa kwetu kwa kuvutwa na trekta.

Fundi Skola akalipima, akasema, "Sensa ya mota imekufa." Si ile sensa ya kuhesabu watu, Mama. Hiki ni kidude kidogo kinakaa ubavuni mwa mota, kazi yake kuiambia kompyuta ya gari mota imefika wapi katika kuzunguka. Unakumbuka wewe na mama mdogo mlivyokuwa mkitwanga kinu kimoja kwa michi miwili? Mmoja anashusha, mwingine anapandisha, hamgongani. Sasa mmoja angefungwa kitambaa machoni, mngeona! Ndiyo kwikwi yenyewe. Sensa ndiyo jicho. Jicho likiingia maji, umeme unasukuma mota wakati si wake.

Kubadilisha jicho hilo si kazi ngumu. Kazi ni kulifikia, kwa sababu umeme uliomo mle ndani ni mkubwa kuliko wa nyumbani. Usilie, Mama. Zuhura, maji.

Nisikilize anavyofanya Fundi Skola. Anakuvua kila chuma mwilini. Pete ya marehemu baba inakaa kwenye kopo, saa pia. Magurudumu yanawekewa vigingi. Ufunguo wa gari unafungiwa kabatini. Betri ndogo, kama ile ya magari ya kawaida, inakatwa na kuwekwa pembeni. Glavu za mpira anazipuliza kama mtoto na puto, anaziweka shavuni asikie kama zinavuja, ndipo anavaa. Halafu anachomoa plagi moja ya rangi ya chungwa, ambayo ikitoka, betri kubwa inatengana na gari. Na hiyo plagi, Mama, haiwekwi mezani. Anayeingiza mikono ndiye anayeitia mfukoni mwake. Fundi Skola alinikabidhi mimi, akaniambia, "Hii ni roho yako. Hata nikiiomba mimi, usinipe."

Bado hapo hujaingia. Ndani kuna sehemu inabaki na umeme hata ukishaukata, kama moto kwenye majivu. Unasubiri muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, kisha unapima kwa mita. Fundi Skola anakuita huko kupiga hodi. Hodi ya kwanza unapima ile betri ndogo unayojua ni nzima, ili usikie kama mita inasema. Hodi ya pili unapima gari. Hodi ya tatu unarudi tena kwenye betri ndogo, uone kama mita haikufa njiani.

Nilimwambia, "Sisi tumefundishwa, ukipiga hodi mara tatu usijibiwe, unarudi zako."

Akacheka. "Hapa kinyume. Ukijibiwa ndiyo unarudi. Nyumba ikiwa kimya kabisa ndiyo unaingia."

Basi siku hiyo tukapiga. Hodi ya kwanza, mita ikaonyesha betri ni nzima. Hodi ya pili, kwenye gari, sifuri. Mzee Twaha alikuwa amekaa kwenye gurudumu kuukuu, wateja wanampigia simu, uvumilivu umemwisha.

"Sifuri hiyo, nimeiona kwa macho yangu! Ingieni basi. Mnaliogopa kama mamba?"

Fundi Skola hakugeuka. "Mzee Twaha, mamba akinyamaza ndiyo unaoga?"

"Ramadhani, wewe ni mwanamume mwenzangu, ingia!"

Mama, sitakuficha. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kwenda. Sifuri nimeiona, glavu nimevaa, nani angesubiri? Fundi Skola akanishika kiwiko, akasema taratibu kama anamwambia mtoto aliyesinzia, "Bado hodi ya tatu."

Akapeleka mita kwenye betri ndogo. Sifuri.

Betri ile ile iliyotujibu sasa hivi, sifuri. Akaitikisa waya ya mita, namba ikaruka, ikapotea. Waya ilikuwa imekatika ndani kwa ndani, kwa nje nzima. Kumbe ile sifuri ya gari haikuwa kimya cha nyumba. Ni mita iliyokuwa kiziwi.

Hakupiga kelele, wala hakujisifu. Akaiweka ile mita kando, akatoa nyingine kabatini, akaanza upya. Betri ndogo ikajibu. Akapima gari.

Mama, ndani kulikuwa na mtu.

Namba ilikuwa kubwa, inashuka polepole sana. Akasema maji yaliharibu ile sehemu inayomalizia umeme, ndiyo maana muda wa kitabu haukutosha. Mzee Twaha akainuka kwenye gurudumu. Akasema, "Astaghfirullah," akazima simu yake, na toka hapo hakutuharakisha tena.

Adhana ya adhuhuri ikalia. Fundi Skola akaniambia, "Nenda kaswali. Hili tuliache lilale. Plagi nenda nayo."

Nikaenda nayo. Niliposujudu nikaisikia ikinigandamiza pajani, na hapo ndipo Idi aliponijia. Yeye alizima swichi, Mama. Watu husahau hilo. Mdogo wangu hakuwa mzembe, alizima. Lakini swichi ilibaki ukutani, akaja mtu ambaye hakujua kuna mwenzake darini anaunganisha waya, anataka tu kuchaji simu, akawasha. Hatukumlaumu, wewe mwenyewe ulikataza alaumiwe. Mimi nilikuwa nimesujudu na roho yangu imo mfukoni mwangu, na hakuna mja duniani ambaye angeweza kuwasha lile gari bila kuja kuniomba. Nikamwombea Idi. Nikamwombea na Fundi Skola, kwa dua zetu, na nadhani Mungu hakuona ubaya.

Niliporudi tukapiga hodi zote tatu upya. Betri ndogo ikajibu, gari kimya, betri ndogo ikajibu tena. Ndipo Fundi Skola akasema, "Ingia, hakuna mtu." Nikafungua mfuniko. Akaniambia nichore alama kwa rangi mahali sensa ilipokaa kabla ya kulegeza skrubu, ili mpya ikae pale pale. Nikaitoa, maji ya tope yakachuruzika. Nikapachika mpya, nikafunga, yeye akaunganisha kompyuta yake ndogo kulifundisha gari kwamba jicho jipya linaanzia kutazama hapa. Plagi nilirudisha mimi, kwa mkono wangu, baada ya kuuliza kwa sauti kama kuna yeyote bado ameshika kitu.

Gari likatoka kimya, halina kwikwi hata moja. Mzee Twaha akalizungusha uwanjani, akashuka, akaenda kumpa Fundi Skola mkono. "Binti, mimi nilitaka kumuua huyu." Naye akamjibu, "Hukutaka, Mzee. Ulikuwa na haraka tu." Sijawahi kusikia mtu akisamehewa vizuri namna hiyo.

Jioni akaniambia anataka tushike magari haya pamoja, anifundishe mpaka nishike gereji akiwa hayupo. Nikamweleza habari ya Idi na yako. Akasema, "Muulize mama yako kwanza. Sitaki fundi ambaye mama yake analia."

Nisalimie shangazi wa kisimani, mwambie kitenge chake nimekiona sokoni. Nisalimie mjomba mwadhini, na mjane wa Idi pamoja na wanawe, uwabusu kwa niaba yangu. Mke wangu nitamwandikia yake, asije akasema namsemea kwako.

Nina mvi sasa, Mama, lakini kwako mimi ni mtoto, siingii mahali bila radhi yako. Kwenye simu nimeshapiga hodi mara mbili. Barua hii ndiyo ya tatu. Kwenye gari, kimya ni ruhusa. Kwako nafuata ulivyonifundisha wewe: nisipojibiwa, nitafunga mzigo nirudi nyumbani tulime ufuta, na sitanung'unika.

Lakini ukiwa ndani, na umesikia, niambie karibu.

Ni mimi mwanao, nimesimama mlangoni,
Ramadhani