Jiwe la Kijani

Kolwezi, 6 Novemba 2023

Tata mpendwa,

Jambo sana. Mama hajambo? Mgongo unamwacha alale? Mimi ni mzima, nimepanga chumba kwa tata Omari wa malori. Yeye ndiye anakuletea barua hii, maana simu za Kisenge hazishiki.

Tata, nina shida. Profesa wa jiolojia, mtu mkali mwenye ndevu na koti jeupe, ametaka kila mwanafunzi mpya alete jiwe la kijani la shaba kutoka nyumbani, na barua yenye saini ya mzazi. Jiwe likikataliwa, unafukuzwa. Najua Kisenge ni manganizi tu, mawe meusi matupu. Lakini naogopa. Nisaidie kabla ya tarehe ishirini.

Mtoto wako,
Noëlla

Kisenge, 13 Novemba

Mwanangu Noëlla,

Salamu nyingi. Mama anaendelea vizuri, mihogo imeshika. Jiwe ndilo hilo ndani ya kitambaa. Usiniulize nimelitoa wapi, wala usimwandikie mama habari zake. Likishapimwa, mpe tata Omari alirudishe siku ileile. Soma, mwanangu.

Tata yako

Kolwezi, 21 Novemba

Tata,

Uhali gani? Mimi mbavu zinaniuma kwa kucheka. Hakuna profesa! Ni Gaston, mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Kila mwaka wanawafanyia wageni hivyo. Tulisimama kwenye mstari, tumebeba mawe kichwani, yeye akiyapima kwenye mizani ya nyanya. Langu alilitegea sikio, akapiga kelele: "Jiwe hii inalala! Zero!" Nikalia, tata, kweli nikalia. Ndipo wote wakatupigia makofi na kutugawia soda, tukaambiwa sasa sisi ni wa nyumbani.

Samahani, jiwe halirudi. Wameyajengea yote kwa simenti ukutani, mlangoni pa maabara, na jina la kila mmoja chini yake. Linapendeza!

Mtoto wako,
Noëlla

Kisenge, 2 Desemba

Noëlla,

Nakusalimu. Hapa hali si nzuri.

Mama alifungua sanduku lake juzi. Jiwe lile ni la kaka yako. Walipoutoa mwili wa Mechack shimoni, kule mgodini Mutoshi, lilikuwa mfukoni mwake. Wewe ulikuwa shuleni Dilolo, hatukukuambia habari za jiwe. Mimi nililichukua mama akiwa shambani, nikafikiri litarudi kabla hajajua. Kosa ni langu, si lako. Ananiuliza neno moja tu: "Jiwe ya mutoto wangu iko wapi?" Tangu juzi hali chakula. Sijapata ujasiri wa kumjibu.

Tata yako

Kolwezi, 8 Desemba

Tata, na wewe mama,

Sijui niwasalimu vipi. Nilicheka. Jiwe la Mechack liliwekwa kichwani mwangu nami nikacheka, naona aibu hata kuandika. Mama, nisamehe.

Nilimwonyesha Gaston barua. Alikaa chini palepale. Baadaye alileta nyundo na tindo alitoe jiwe, lakini nilimshika mkono, kwani simenti imeliuma sana na linaweza kupasuka. Anasema mama akiamua litoke, atabomoa ukuta mzima kwa mikono yake, hata chuo kimfukuze. Tata, tafadhali msomee mama yote, usifiche kitu. Tunangoja neno lake.

Mtoto wenu,
Noëlla

Kisenge, 17 Desemba

Mwanangu,

Amani kwako. Nilimsomea mama barua zako zote, tangu ile ya kwanza. Alinitukana, nami nikakubali. Kisha akataka nirudie ya mizani ya nyanya. Akauliza: "Ule mulango, banafunzi banapitaka pale kila siku?" Nikamwambia ndiyo. Unajua Mechack alikwenda kuchimba ili apate pesa za kujiandikisha chuo hichohicho. Mama akasema: "Basi baache jiwe pale. Alitakaka kuingia mule."

Mwambie Gaston asiguse ukuta, ila jina lako alifute, aandike la kaka yako. Na ile zero, mama anasema aitoe.

Anakuja Jumamosi na lori la tata Omari. Amekula leo, kidogo. Usilifute vumbi lile jiwe, Noëlla. Ametenga kitambaa chake, anataka kulifuta mwenyewe.

Tata yako